Ungeniuliza Mimi

Wiki ya kwanza ya muhula, maktaba ya chuo hugeuka soko. Wanafunzi wapya walikuwa wamejazana mlangoni, wengine wamekumbatia mabegi yao vifuani, wengine wakiuliza choo kiko wapi, na mmoja alikwisha kuuchapa usingizi juu ya meza iliyo karibu na feni. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mkutubi, mwanamke mrefu aliyevaa gauni la zambarau lililomkaa sawasawa, miwani ameipandisha juu ya nywele, kalamu ameichomeka sikioni. Wanafunzi walimwita Bi Chanzo. Ilisemekana chuoni kwamba ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza hayo umeyasoma wapi.

"Wewe wa shati la bluu!" aliita. "Unazubaa nini hapo mlangoni? Darasa limeanza. Njoo huku mbele."

Mwanamume wa shati la bluu akageuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani.

"Ni wewe bwana. Usitazame nyuma, nyuma yako kuna ukuta."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwanamume yule akataka kusema neno, akalimeza, akaja akaketi katikati ya wasichana wawili ambao huenda angeweza kuwa baba yao mdogo. Mbele yake palikuwa na kompyuta kuukuu iliyounguruma kama paka mwenye mafua.

"Leo tunatafuta kitu kimoja tu," alisema Bi Chanzo. "Mtoto akipata homa nyumbani, mzazi afanye nini kwanza? Msiandike swali refu kama mnapiga soga na shangazi zenu. Chukueni maneno yaliyobeba mzigo. Homa. Mtoto. Huduma ya kwanza. Halafu kila mmoja aniletee ukurasa mmoja anaouamini, na aniambie kwa nini anauamini."

Akaanza kupita kati ya meza, kisigino kikigonga sakafu.

"Wewe umechagua huu. Kwa nini?"

"Ndio uliotokea wa kwanza, Bi."

"Aliyetangulia kwenye foleni si lazima awe mkweli. Pengine amelipia nafasi. Na wewe?"

"Tovuti nyingi zinasema hivyo hivyo, Bi."

"Fungua mbili, uziweke pamoja. Unaona? Mpaka makosa ya tahajia yanafanana. Hao si mashahidi wengi, mwanangu. Ni shahidi mmoja mwenye ndugu wengi."

Akafika kwa mwanamume wa shati la bluu. Ukurasa aliouchagua haukuwa na picha wala rangi.

"Na wewe umeuamini huu kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hapa mwishoni," alijibu taratibu, akionyesha kwa kidole, "mwandishi ameeleza mambo asiyoyajua."

Bi Chanzo akashusha miwani machoni. Kwa miaka yote aliyofundisha somo lile, hakuna aliyewahi kumpa jibu hilo. Akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza: macho matulivu, mvi chache juu ya masikio, mikono safi yenye kucha zilizokatwa fupi sana.

"Unasoma kozi gani?"

"Sisomi. Nafundisha. Mimi ndiye mwalimu mpya wa uuguzi. Nilikuja kuuliza lini naweza kuwaleta wanafunzi wangu."

"Mungu wangu! Na nimekufokea mbele ya watu!"

"Umenifokea vizuri," alisema akitabasamu. "Sasa najua nyuma yangu kuna ukuta."

Basi ndivyo walivyokutana. Damu zao zilipatana siku ile ile, ingawa kila mmoja alijifanya hajui. Mwalimu akawa analeta darasa lake maktabani kila wiki. Wakafundisha pamoja, yeye akileta maswali ya wodini, Bi Chanzo akionyesha njia ya kuyafikia majibu: nani ameandika, lini, ameyapata wapi, anafaidika nini ukimwamini. Wanafunzi wa uuguzi wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu wao amekuwa na bidii ya kusoma ghafla, maana hata siku isiyo na kipindi alionekana pale kwenye meza ya dirishani, kitabu wazi, ukurasa haugeuzwi.

Jioni simu zilianza.

"Bi Chanzo, nimesikia habari kwamba wewe ni mzuri."

"Chanzo chako ni nini?"

"Macho yangu."

"Hao ni mashahidi wa upande mmoja. Wana maslahi."

"Basi na masikio. Na moyo nao uko tayari kuapa."

"Mwalimu, acha hizo! Nipo na shangazi hapa."

"Mwambie shangazi shikamoo. Mwambie kuna mgonjwa huku, hali chakula, halali usingizi."

Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea na ambaye bado aliishi naye katika nyumba ndogo nyuma ya chuo, hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa fundi cherehani, na masikio yake yalikuwa makali kuliko mkasi wake.

"Huyo mgonjwa mwambie aje apimwe," alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Mie sitibu watu kwa simu."

Akaja. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa, akanywa chai vikombe viwili, akasifu mshono wa mapazia. Shangazi alimwangalia anavyoondoka, akasema, "Huyu mtu mwema. Lakini ana chumba amekifunga."

Bi Chanzo naye alikuwa amekiona chumba hicho. Mwalimu aliweza kuzungumza juu ya jambo lolote chini ya jua, lakini mazungumzo yakigusa miaka ya kabla hajafika pale, alihama kwa upole, kama mtu anayezunguka dimbwi la maji njiani. Alifanya kazi wapi? Hospitali kubwa, mjini. Kwa nini aliacha? Alichoka. Ameshawahi kuoa? Hapo angetazama saa, au angeuliza kama chai bado ipo.

Mwanamke mwingine angengoja. Yeye hakuweza, na alikuwa na sababu. Zamani aliwahi kuchumbiwa na mwanamume mwenye maneno ya asali, na gauni la harusi likawa limeshakatwa na shangazi, ndipo akagundua kwamba yule bwana ana mke na watoto katika mji mwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo alijiapiza kwamba hatamwamini mtu kwa sauti yake nzuri.

Ndipo siku moja, wakati wa chai ya saa nne, mhasibu wa chuo akamsogelea na kikombe chake.

"Shoga, yule mwalimu wako. Si unajua mkewe alikufa?"

Bi Chanzo akahisi chai inampanda puani. "Mkewe?"

"Alifia hospitali ile ile aliyokuwa akifanya kazi. Wanasema yeye ndiye aliyekuwa zamu. Wanasema alikosea dawa. Ndiyo maana akaikimbia wodi akaja kufundisha."

"Wanasema akina nani?"

"Aa, wewe nawe! Watu."

Angeweza kumwuliza Mwalimu mwenyewe. Ilikuwa jambo la kutembea kutoka maktaba mpaka jengo la uuguzi, kuvuka bustani tu. Lakini alirudi mezani kwake, akafunga mlango, akafanya kile alichokijua kuliko vyote. Akampigia rafiki yake wa zamani aliyefanya kazi katika masjala ya hospitali ile. Rafiki akamwuliza muuguzi mkuu. Muuguzi mkuu akaeleza, rafiki akapiga tena, na Bi Chanzo, ili awe na hakika, akatafuta mtu wa pili asiyejuana na wa kwanza. Maneno yakalingana.

Mwalimu hakukosea dawa. Hakuwa hata zamu. Mkewe alishikwa na uchungu kabla ya wakati, yeye akiwa safarini kwenye mafunzo. Alisafiri kurudi mchana kutwa, na alipofika aliwakuta mama na mtoto wameshafunikwa. Hakuingia tena wodi ya wazazi. Hakuna aliyemlaumu, isipokuwa yeye mwenyewe.

Bi Chanzo alilia kidogo, akafuta macho, akajikuta amefarijika. Mtu wake ni msafi! Kesho yake alivaa gauni la njano, lile ambalo Mwalimu aliwahi kusema linamfanya aone jua kabla ya asubuhi, akaenda kazini amenukia manukato.

Hakujua kwamba muuguzi mkuu naye ana simu.

Mwalimu alimkuta kati ya rafu, mahali ambapo vitabu vya tiba vimepangwa. Watu walikuwa wakisoma pande zote, kwa hiyo waligombana kwa kunong'ona, na pengine kunong'ona huko ndiko kulikofanya maneno yakate zaidi.

"Nimepigiwa simu na bosi wangu wa zamani," alisema. "Kuna mwanamke anapeleleza habari zangu."

"Mpenzi, nisikilize. Kulikuwa na uvumi. Nilitaka kuthibitisha kwamba ni uongo."

"Na umethibitisha?"

"Ndiyo! Wote wamesema vizuri juu yako. Wote."

"Ulifurahi?"

"Nilifurahi." Akajuta kabla neno halijamtoka lote.

Mwalimu akatikisa kichwa polepole. "Siku niliyowazika mke wangu na mwanangu. Hiyo ndiyo imekufurahisha."

"Sikumaanisha hivyo. Unajua sikumaanisha hivyo."

"Najua. Lakini kifo chao umekisikia kwa mtu wa masjala, mtu ambaye hajapata kuwaona. Mimi nipo hapa kila siku, nakaa dirishani pale. Ungeniuliza mimi."

"Ningekuuliza, ungesema? Kila nikikaribia unaniuliza chai!"

Msichana mmoja akainua macho kutoka kitabuni, akayashusha haraka.

"Pengine nisingesema siku hiyo," alisema Mwalimu. "Ningesema siku nyingine. Kuna mambo hayatafutwi, mama. Yanangojewa."

Akaondoka, shati lake la bluu likipotea kati ya rafu. Bi Chanzo akabaki ameshika kitabu ambacho hakukumbuka amekitoa wapi.

Kabla muhula haujaisha, Mwalimu aliomba kuhamia tawi la chuo lililoko mji wa mbali, kule milimani. Bi Chanzo alipata habari kwa wanafunzi, kama watu wengine. Alimwandikia ujumbe mrefu wa kuomba radhi, akaufuta, akaandika mwingine mfupi. Jibu lilikuja jioni: "Nimefika salama. Asante." Aliusoma ujumbe ule mara nyingi, akitafuta neno lililojificha chini ya maneno. Hakuliona.

Hapo ndipo alipojua kwamba kutamani kuna makao mwilini. Kulikaa kooni akila. Kulikaa mgongoni akipanda ngazi. Akiwa katikati ya somo, mlango ukifunguliwa, moyo ulimruka kisha ukaanguka, maana alikuwa ni mwanafunzi aliyechelewa tu. Hakuwafokea tena waliochelewa. Wanafunzi walishangaa, wakasema Bi Chanzo anaumwa.

Meza ya dirishani aliiona kila siku. Wengine waliikalia, wakaegemeza viwiko vyao, wakacheka, na kila aliyeikalia alimkosea bila kujua. Jioni alikaa na shangazi, simu mapajani, kimya.

"Itakutoboa paja hiyo," shangazi alisema.

"Nangoja ujumbe wa kazi."

"Kazi ya nani? Ya moyo?" Shangazi akasimamisha cherehani. "Mwanangu, wewe ulikosea, sikufichi. Lakini hukukosea kwa ubaya. Ulimpima mtu kama kitambaa. Kitambaa ukikigeuzageuza hakiumii."

Na kule milimani, asubuhi zikiwa na ukungu, Mwalimu alikuwa akitembea kwenda darasani amejikunyata ndani ya sweta zito, na mdomoni anasema peke yake maneno ya Bi Chanzo. Chanzo chako ni nini? Alikasirika mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili hasira ilipungua, ikaacha nafasi tupu, na nafasi ile ikajazwa na gauni la njano. Dada yake mkubwa alipompigia, alimweleza yote, akitarajia huruma.

"Wewe nawe!" dada alifoka simuni. "Umejifunga mdomo kama duka la marehemu, halafu unalalamika watu wamechungulia dirishani? Hata mimi dada yako hujawahi kuniambia yule mtoto alifanana na nani. Mtu akujue kwa ramli?"

Mwalimu alikaa na simu sikioni hata baada ya dada yake kukata.

Kisa kilichowarudisha pamoja kilitokea darasani. Mwalimu alikuwa akifundisha huduma ya kwanza ya majeraha ya moto, na nusu ya darasa ikamwambia kwamba jeraha la moto hupakwa dawa ya meno. Alipokataa, wakamwonyesha simu zao: ukurasa huu unasema, na huu, na ule. Aliwaeleza kwamba ni maji safi ya baridi yanayotiririka, na dawa ya meno inaumiza zaidi. Wakamtazama kwa adabu ya watu wasioamini. Kijana mmoja akasema, "Lakini Mwalimu, wao ni wengi, na wewe uko peke yako."

Hapo Mwalimu akatoa simu yake.

Bi Chanzo alikuwa akipanga majarida alipoona jina lile linawaka. Nusura ayaangushe yote.

"Haloo?"

"Habari za kazi, Bi." Sauti ilikuwa rasmi, kavu, na nzuri kuliko alivyoikumbuka. "Samahani kwa usumbufu. Nina darasa hapa. Tuna tatizo la mashahidi wengi."

Akakaa chini sakafuni, pale pale kati ya rafu. "Ni wengi," aliuliza, "au ni mmoja mwenye ndugu?"

Akamsikia anavuta pumzi, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. "Hilo ndilo nataka uwaambie. Nakuweka kwenye spika."

Akawafundisha kwa simu, watu asiowaona, katika mji asioujua. Akawaambia wachague kurasa zao, watafute kila moja imetoa habari wapi. Alisikia minong'ono, viti vikisogezwa. Ukurasa huu uliutaja ule, ule ukautaja mwingine, na mwingine ulikuwa tangazo la mtu anayeuza vipodozi. Aliposikia sauti ya kijana ikisema, "Aa! Wote wametoka kwa muuza vipodozi!" darasa likacheka, na yeye akacheka huku machozi yanamtiririka. Akawaonyesha njia ya kufika kwenye miongozo ya wataalamu wa majeraha ya moto, iliyotiwa tarehe na yenye majina ya walioiandika. Wakaikuta. Ilisema maji.

Kengele ikalia upande wa pili. Miguu ikatoka, mlango ukafungwa. Simu haikukatwa.

"Asante," alisema Mwalimu. Spika ilikuwa imezimwa sasa, sauti iko karibu.

"Karibu."

Bi Chanzo alikuwa na maneno mengi ya kujitetea aliyoyaandaa kwa miezi. Akayaacha yote.

"Mwalimu, naomba kukuuliza. Usipotaka kujibu leo, nitangoja. Mkeo alikuwa mtu wa namna gani?"

Akasikia kiti kikivutwa upande wa pili, mtu anaketi.

"Alikuwa hajui kusimulia kichekesho," Mwalimu alisema. "Alikuwa anacheka kabla hajafika mwisho. Mimi sijawahi kuujua mwisho wa kichekesho chake hata kimoja. Na mtoto alifanana naye. Paji la uso lile lile. Nilimfunua nikamwona. Sijamwambia mtu."

"Niambie mimi."

Akamwambia. Alizungumza mpaka sauti ikamkwaruza, na Bi Chanzo, aliyezoea kuuliza, hakuuliza kitu. Alisikiliza tu, mgongo ameegemeza vitabu, mpaka mlinzi wa maktaba akaja kumtafuta akidhani amezimia.

Baada ya siku hiyo waliongea kila jioni, lakini si kama zamani. Utani ulirudi taratibu, kama mtu anayepona anavyorudi kwenye chakula. Umbali ukawa na uchungu mpya.

"Huku kuna baridi," alisema Mwalimu. "Blanketi halitoshi."

"Ongeza blanketi."

"Nimeongeza. Tatizo si blanketi."

"Mwalimu!"

"Nasema ukweli. Nikuonyeshe ushahidi?"

Likizo ilipofika, shangazi hakungoja kuulizwa. Alimkabidhi gauni jipya la kijani kibichi, akamwambia, "Nenda. Ukirudi bila habari, usipite kwa mlango wa mbele."

Safari ilimchukua mchana kutwa. Basi lilipanda mlima, baridi ikaingia dirishani, na kituoni alimwona kabla ya kushuka: amesimama katikati ya watu na mizigo, shati la bluu chini ya sweta, anatazama mlango wa kila basi isipokuwa lile sahihi. Alishuka akamgusa bega. Mwalimu akageuka. Hawakukumbatiana, palikuwa na watu. Alimpokea begi tu, na mikono yao ikakutana kwenye mpini, na hakuna aliyeharakisha kuuachia.

Akampeleka kuona maktaba ya tawi. Ilikuwa chumba kimoja chenye rafu chache, vumbi, na kompyuta ambazo hazikuwa zimewashwa tangu ziletwe. Bi Chanzo akapitisha kidole kwenye rafu, akakitazama, akakunja uso.

"Hapa hapana mkutubi?"

"Wameomba. Hawajapata." Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni. "Utakaa?"

"Mpaka Jumapili."

"Nauliza baada ya Jumapili."

Bi Chanzo akazigeukia rafu, akajifanya anasoma majina ya vitabu. Herufi zilikuwa zikicheza. "Nikae kama nani? Kama mkutubi?"

"Hilo chuo kitakuuliza. Mimi nauliza kama mke wangu." Akakohoa, akaongeza, "Sina maneno ya asali. Nina huzuni yangu, unaijua. Na nina mapenzi mengi ambayo sikujua kwamba yamebaki. Ukitaka kufikiri, fikiri. Ukitaka kuwauliza watu, waulize."

"Sina wa kumwuliza," alisema. Akageuka, macho yamejaa. "Nina swali moja tu, na unijibu kweli. Unakoroma?"

Mwalimu alimtazama kwa mshangao. "Sana," alikiri. "Hata majirani wamelalamika."

"Basi nimekubali," alisema Bi Chanzo, akaanza kupandisha mikono ya gauni lake jipya. "Nitafutie kitambaa na ndoo ya maji, mume wangu. Hizi rafu ni aibu."